Nilivyompimisha mwanangu shida ya kusoma bila kuuza cherehani

Muhula wa pili, mwanangu akiwa gredi ya nne, mwalimu wake wa Kiswahili aliniita shuleni akanifungulia daftari. "Mama, hebu soma mwenyewe." Neno "kitabu" lilikuwa limeandikwa mara tatu kwenye ukurasa mmoja, kila mara kivyake: kidabu, kitadu, katibu. Na huyu ndiye mtoto anayeweza kukusimulia mechi nzima ya Gor Mahia bila kuruka pasi.

Mwalimu aliyemtangulia alikuwa ameniambia ni mvivu. Mungu anisamehe, niliamini, na mwiko wa ugali ukafanya kazi isiyo yake.

"Apelekwe akapimwe," mwalimu akasema. Apimwe nini, na wapi? Kliniki moja ya binafsi niliyoipigia simu ilinitajia elfu thelathini. Mimi ni fundi wa nguo mtaa wa Umoja, Nairobi. Hiyo ni bei ya cherehani, na chenji inabaki.

Aliyenifungua macho ni mteja, mwalimu mstaafu aliyekuja kupunguziwa sketi. Akaniuliza kama nazijua EARC, yaani vituo vya serikali vya tathmini ya elimu. Viko tangu 1984, na vingi vimejificha ndani ya viwanja vya shule za msingi za umma. Akanionya nisiende mikono mitupu: nibebe cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki ya utotoni, madaftari ya mihula tofauti, na barua ya mwalimu wa darasa. Barua ndiyo iliyonichosha. Ya kwanza ilikuwa na mistari miwili, "ana shida ya kusoma". Nikairudisha. Nilitaka ieleze anakwama wapi, tangu lini, na shule imejaribu nini. Ya pili ilijaa ukurasa, na kila ofisi niliyoingia ilisomwa kabla ya mtu kuniuliza lolote.

Kituoni walianza na macho na masikio. Nikaona wananizungusha, hadi afisa aliponieleza kwamba mtoto asiyesikia vizuri huchanganya herufi vilevile, na ukikosea hapo utamtibu ugonjwa asio nao. Macho yalikuwa sawa, masikio sawa. Nikapewa barua ya kumpeleka KISE, taasisi ya elimu maalum iliyoko Kasarani. Matatu ya Outering, kisha nyingine ya Thika Road, duka limefungwa. Hiyo ndiyo gharama iliyoniuma, siku za duka.

Huko KISE mtoto alitajiwa tarakimu akazirudia kinyumenyume, akapanga vipande kufuata mchoro, akasoma maneno ya kubuni yasiyo na maana. Jambo moja nilishikilia: maelekezo apewe kwa Kiswahili. Nyumbani kwetu Kiingereza ni cha televisheni, na sikutaka Kiingereza kibovu kihesabiwe kuwa akili fupi. Mtaalamu alikubali, akasema ni vyema nimesema mapema, na akaliandika hilo kwenye ripoti.

Jibu: anafikiri kama wenzake wa rika lake, ila kusoma kumebaki nyuma sana. Disleksia, yaani shida ya kusoma na kuandika isiyotokana na akili fupi. Nilimwomba mtoto msamaha palepale kwenye steji ya matatu. Akanitazama, akauliza kama tunaweza kununua soseji ya smoki.

Nilidhani nimemaliza. Wiki tatu baadaye niligundua ripoti imelala kwenye kabati la ofisi, na mwalimu wa sayansi hajawahi hata kuisikia. Nikaomba kikao na mwalimu mkuu na walimu wote wa darasa lile, nikaisoma kwa sauti ukurasa wa mapendekezo. Tukakubaliana aketi mbele, asomewe maswali, na tahajia isimkate alama kwenye sayansi.

Sasa nafuatilia mtihani wa gredi ya sita. Ombi la muda wa ziada hupelekwa KNEC, baraza la mitihani la Kenya, na shule, si mzazi, na ripoti ya tathmini huambatanishwa. Nimetoa nakala nne. Moja inakaa kwenye droo ya cherehani, chini ya bobini, na nimeshamwambia mwalimu mkuu hivyo.