Waandishi Wawili na Fomu ya Kugombea

Tangu watu wa chama waje nyumbani kunitaka nigombee uwakilishi, usingizi haunikai. "Watu wanakusoma, hiyo ndiyo kampeni yenyewe," walinambia. Mama mkubwa, aliyekuwa ukumbini akiwasikia, alingoja mpaka wameondoka. "Mwanangu, kukusoma si kukupenda."

Nimekuwa nikiwawaza waandishi wawili wa Zanzibar waliotutangulia. Ali Muhsin Barwani alikuwa mhariri wa gazeti la Mwongozi, kisha akawa kinara wa chama cha Hizbu. Abdulrahman Babu alirudi kutoka London mwaka 1957 kuwa katibu mkuu wa chama hichohicho, na huku akitoa jarida lake la ZaNews, mpaka Waingereza wakamfunga mwaka 1962. Mwaka uliofuata Babu alijitoa, akaunda chama chake, Umma. Yalipokuja Mapinduzi ya Januari 1964, Babu akawa waziri, Ali Muhsin akapelekwa jela za bara, akakaa huko takriban miaka kumi. Zamu ya Babu kufungwa ikafika 1972, baada ya kuuawa Mzee Karume. Alitoka 1978.

Wapo wanaosema siasa ndiyo iliyowaharibu waandishi hawa. Mimi sikubali. Zama zile gazeti na siasa vilikaa nyumba moja: Al-Falaq lilikuwa la Jumuiya ya Waarabu, Afrika Kwetu likiwasemea Waafrika, na mwaka 1954 viongozi wa Jumuiya ile walishitakiwa kwa uchochezi kwa sababu ya yaliyochapwa gazetini mwao. Mhariri hakuwa na haja ya kuingia siasani. Alikuwemo tangu siku aliposhika kalamu.

Linalonikosesha raha ni namna magazeti yale, ya pande zote, yalivyomzungumza jirani. Nani mwenyeji, nani mgeni, babu wa nani alimuuza babu wa nani. Toleo baada ya toleo. Na tusidhani yaliishia kwa waliojua kusoma; gazeti la Kiswahili lilisomwa kwa sauti barazani, mmoja anasoma, wengine wanasikiliza, na kila aliyesikiliza akaondoka nalo kwenda kwake. Juni 1961, siku ya uchaguzi na zilizofuata, watu waliuana mjini na mashamba. Hisabu ya serikali ilikuwa roho 68. Sisemi wahariri ndio walioshika mapanga. Nasema waliouawa walikuwa wameshatukanwa kwa maandishi miaka kadhaa kabla, na waliowatukana walikuwa watu wa kazi yangu, wenye Kiswahili kizuri kuliko changu. Hilo linaniuma.

Uzeeni wote wawili walibaki na kuandika, mbali na Unguja. Ali Muhsin aliifasiri Qur'ani kwa Kiswahili. Alifia Muscat mwaka 2006. Babu aliandika makala London mpaka alipofariki mwaka 1996, na maandishi yake ya ile miaka aliyokuwa hana kura ya kuomba kwa mtu ndiyo ninayoyaheshimu zaidi.

Kwa hivyo jawabu langu kwa wale wa chama nimeshalipata: siku nitakayochukua fomu, safu yangu gazetini naifunga. Sitaandika juu ya mpinzani wangu huku nikimuombea ashindwe. Wao hawakufurahi, kwani safu ndiyo waliyoitaka. Mama mkubwa naye hajaridhika. Anataka fomu yenyewe nisiiguse. Jana tumelizungumza mpaka adhana ya Isha, na leo anasema bado hajamaliza.