Eunice Kennedy Shriver na hesabu ya 15%

Wengi wanamtaja Eunice Kennedy Shriver kama dada wa Rais John F. Kennedy, basi. Mimi namheshimu kwa kazi yake. Mwaka 1941 dada yao Rosemary alipasuliwa ubongo, akabaki hawezi kujitegemea. Mwaka 1962 Eunice akafungua kambi ya michezo uani kwake Maryland kwa watoto wenye ulemavu wa akili, wakiwemo waliokataliwa kwingine. Julai 20, 1968, wanamichezo wapatao 1,000 wakashindana uwanja wa Soldier Field, Chicago: Special Olympics, mashindano ya watu wenye ulemavu wa akili, ikazaliwa.

Uzuri wa mashindano haya uko kwenye kupanga makundi, jambo ambalo watazamaji hawalioni. Kwanza jinsia, kisha umri, kisha uwezo. Mchujo unapima muda wa kila mmoja. Wa kwanza na wa mwisho kundini wasipishane zaidi ya takriban 15%. Mwenye sekunde 20 hukimbia na wasiozidi 23. Kocha akimwambia mtoto ajivute kwenye mchujo ili apangwe na wanyonge, anaharibu kila kitu. Ndiyo maana anayeupita ghafla muda wake wa mchujo kwa zaidi ya 15% kwenye fainali anaweza kuondolewa. Na ni haki kabisa.