Mchemraba ulionigomea wiki tatu, na jinsi nilivyoushika

“Kaza macho, usipepese, utaona tu.” Ushauri huo nilipewa na watu wanne kwa nyakati tofauti, na kwangu ulizaa machozi na maumivu ya kichwa. Kama nawe unahangaika na picha hizi zenye sura mbili, yaani mchoro mmoja unaoweza kuonekana kwa namna mbili, uache ushauri huo leo hii.

Picha iliyonisumbua ni mchemraba wenye mistari kumi na miwili tu: miraba miwili iliyopishana, mmoja chini kushoto, mwingine juu kulia, kisha kona zake zikaunganishwa. Louis Albert Necker, mtaalamu wa fuwele (vipande vya madini vyenye nyuso bapa) kutoka Uswisi, alieleza jambo hili mwaka 1832 baada ya kuona michoro yake ya fuwele ikigeuka mbele ya macho yake bila mstari hata mmoja kuguswa. Mara unautazama mchemraba kutoka juu, mara kutoka chini. Wenzangu waliuona kwa namna zote mbili. Mimi niliuona kutoka juu tu, karibu wiki tatu nzima.

Penseli ndiyo iliyonifungua. Nilipaka kivuli hafifu ndani ya mraba wa juu ili uonekane ndio uso wa mbele, na kwa mara ya kwanza nikauona mchemraba kutoka chini. Kisha nikafuta kivuli kidogo kidogo, huku naushikilia mwono ule, mpaka ikabaki mistari mitupu. Tangu siku ile haujanipotea tena. Ubongo ukishajua kwamba sura ya pili ipo, nusu ya kazi imekwisha. Asiyeambiwa anaweza kuutazama muda mrefu asione kitu.

Kuugeuza kwa hiari ni hatua nyingine. Angalia vizuri: kila mraba una kona moja iliyoingia ndani ya mwenzake. Tuliza macho kwenye kona ya mraba wa chini iliyoingia ndani ya ule wa juu, na mraba wa chini utaelekea kuja mbele. Hamia kona ya pili, na mraba wa juu utachukua nafasi. Si kila mara, lakini mara nyingi. Necker mwenyewe aliona hivyo, akahitimisha kwamba siri iko kwenye jicho.

Hapo ndipo nilipobishana na kaka yangu. Alishikilia kwamba ni macho tu yanahama, ubongo hauna lake. Nikamwambia kwamba mwanasayansi Mwingereza Charles Wheatstone alishampinga Necker mwaka 1838, kwa kuwa mchoro hugeuka hata jicho likiwa limetulia mahali pamoja. Akanijibu, na hoja yake ilikuwa nzito: jicho halitulii kamwe. Kwa kawaida huruka kama mara tatu kwa sekunde, na hata unapodhani umelikaza, linatetema. Utajuaje kwamba si mtetemo huo unaogeuza picha?

Nililala na swali hilo. Asubuhi nikapata jibu: niibandike picha kwenye jicho lenyewe! Ukitazama kitu chenye mwanga mkali kisha ukahamisha macho, alama yake hubaki. Alama hiyo iko kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kwa hiyo jicho likienda kulia nayo inakwenda kulia. Hakuna namna ya kuhamia kona nyingine, kwa sababu kona zote zinahama nawe.

Nilianza na karatasi chini ya taa. Alama ilitoka dhaifu, ikayeyuka kabla sijaisoma. Jaribio la pili nilitumia simu: mistari minene myeupe juu ya weusi, mwanga hadi mwisho, chumba giza. Alama ikatoka kali lakini mistari ilikuwa miwili miwili, kwani kichwa changu kilikuwa kinayumba. La tatu nikaweka nukta katikati ya mchoro, nikaegemeza kidevu juu ya rundo la vitabu, nikaziba jicho moja kwa kiganja na kuhesabu hadi thelathini. Mchoro niliupunguza pia, maana eneo la katikati tunaloona nalo kwa ukali ni dogo, kama upana wa kidole gumba ukinyoosha mkono. Kisha nikawasha taa na kugeukia ukuta mweupe. (Mwanga wa skrini unatosha. Jua usilijaribu kabisa, litakuunguza jicho.)

Ukutani ukaelea mchemraba mweusi, safi. Ulipoanza kufifia nilipepesa macho ukarudi. Na katikati ya ukimya ule, ukageuka! Baada ya muda ukageuka tena. Nilipiga kelele hadi kaka akaja mbio. Nikamkalisha, kidevu juu ya vitabu, nikamhesabia. Akautazama ukuta muda mrefu, kisha akasema polepole, “Umegeuka.”

Sisemi macho hayana kazi. Yanausukuma mchemraba upande mmoja, na ndiyo maana mbinu ya kona inafaa. Ila mgeuko wenyewe unaweza kutokea bila hayo. Watafiti wa London waliochapisha matokeo yao mwaka 1998 walipima ubongo wa watu kwa MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, huku picha za namna hii zikiwageukia, wakaona kila mgeuko unaambatana na mabadiliko ya shughuli katika sehemu kadhaa za ubongo. Picha iliyokuwa mbele yao haikubadilika hata chembe.

Jambo moja bado halijanitii: kuuzuia usigeuke. Nikijitahidi nauchelewesha, lakini mwisho hugeuka tu. Ila nimegundua njia ya kuchagua utaanzia wapi. Chora mchemraba wa pili wenye kivuli, unaosomeka kwa namna moja tu, uutazame dakika mbili, kisha rudi kwenye ule wa mistari mitupu. Mara nyingi utaanza na sura iliyo kinyume cha ile uliyotoka kuitazama, kana kwamba ubongo umeichoka.