Tulivyoupanga upya uwanja wa mtaa wetu

Cherehani yangu inatazamana na uwanja. Miaka 14 nimeshona kwenye baraza hiyo hiyo, na mtu angeniuliza ni akina nani wanaoutumia uwanja ule, ningemjibu bila kufikiri: watoto wa mtaa, wazee wa drafti, na vijana wa mpira jioni. Niliamini naujua uwanja kama ninavyoujua mkono wangu. Kumbe nilikuwa nauangalia tu.

Yote yalianza kwenye mkutano wa mtaa. Mwenyekiti alitueleza kwamba kata inakusanya vipaumbele vya kupeleka halmashauri kabla bajeti haijafungwa, na kwamba uwanja wetu unaweza kuingizwa tukipeleka mpango unaoeleweka. Basi hapo kila mtu akanyoosha mkono. Uzio. Bembea. Taa. Nyasi. Fremu za biashara. Geti na mlinzi. Mmoja akataka chemchemi ya maji kama alizoziona kwenye picha za Dubai. Mtendaji aliandika vyote kwenye karatasi ya manila, vikafika 23, tukapiga makofi. Ikaundwa kamati ya watu saba na mimi nikapewa ukatibu kwa sababu nina mwandiko mzuri.

Siku chache baadaye alikuja kijana kutoka idara ya mipango miji. Aliizunguka ile sehemu kwa miguu, akaisoma karatasi yetu, kisha akaniuliza kwa heshima kabisa, "Mama, vitu nimeviona. Sasa niambie, uwanja huu unamsumbua nani, na saa ngapi?" Nikabaki namtazama. Sikuwa na jibu, na mimi ndiye niliyekuwa nimekaa mbele yake miaka yote hiyo.

Jioni ile nilichukua daftari la kuandikia vipimo vya wateja, nikapiga mistari. Safu ya watoto wadogo, ya wavulana wakubwa, ya wasichana wakubwa, akina mama, wanaume, wazee. Kila baada ya saa mbili, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa moja usiku, nilisimama nikahesabu: wangapi, wamekaa wapi, wanafanya nini. Nilipokuwa nimebanwa na kazi, binti yangu alihesabu, na mara mbili tatu kijana wa bodaboda wa kijiweni alitusaidia. Tulifanya hivyo wiki mbili, tukijumlisha Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, maana siku hazifanani.

Saa saba mchana uwanja mzima ulikuwa mtupu, isipokuwa chini ya mwarobaini mmoja uliopo upande wa msikiti. Hapo walikuwepo watu tisa, kumi, wakati mwingine kumi na tano, na walikuwa wakihama na mabenchi yao kadiri kivuli kinavyosogea. Uwanja mzima, na mtaa ulikuwa unaishi kwenye kivuli cha mti mmoja. Upande wa barabarani gereji bubu ilikuwa imekwishakula karibu robo ya eneo. Magari sita, mawili hayana hata matairi. Kona ya chini, kila mvua ikinyesha, maji yalituama siku nne au tano.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni safu ya wasichana wakubwa. Wavulana wa umri ule jioni walifika hata 40. Wasichana, kwa wiki zote mbili, niliandika 17, na kati ya hao 14 walikuwa wanapita tu na ndoo au wametumwa dukani. Niliirudia ile safu mara tatu nikidhani nimekosea. Mimi nimekulia mtaa huu huu. Nimecheza rede pale mpaka naitwa nyumbani kwa kelele. Wanangu wa kike wamekua mbele ya uwanja ule na sikuwahi kujiuliza kwa nini wao wanacheza kibarazani.

Kwenye mkutano wasingesema. Niliwauliza hapa hapa, mmoja mmoja, walipokuja kujaribu sare za shule. Mmoja alisema, "Anti, tukicheza rede mpira wa wavulana unatupiga. Tukisogea kule, mafundi wanatuita." Mwingine akasema mama yake hataki arudi giza limeingia. Na msichana wa darasa la saba, akiwa amesimama nampima kiuno, akaniambia taratibu kwamba wakibanwa haja lazima warudi nyumbani, na wakirudi hawaruhusiwi kutoka tena. Niliyaandika maneno yake kama alivyoyasema.

Wakati huo huo kulikuwa na jambo jingine ambalo mkutanoni hakuna aliyeligusa: uwanja wenyewe unaanzia wapi na kuishia wapi. Mtaa wetu umo katika maeneo yaliyopimwa miaka ya 1970 kwenye mradi wa viwanja na huduma uliosaidiwa na Benki ya Dunia, ule uliozaa Sinza, Kijitonyama na sehemu za Mikocheni hapa Dar es Salaam. Waliochora michoro ile waliacha maeneo ya wazi katikati ya nyumba kwa makusudi, ya watoto kuchezea na watu kupumua. Tatizo ni kwamba mji uliongezeka kuliko walivyodhani. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 Dar es Salaam. Ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Milioni nzima imeongezeka kwa miaka kumi, na kila mmoja anatafuta pa kuegesha, pa kuuza, pa kujenga chumba kimoja cha nyongeza. Eneo lisilo na mtu wa kuliulizia linaliwa kidogo kidogo.

Tulifuatilia nakala ya mchoro wa mipango miji. Ilinichukua safari tatu, nauli na subira. Mpima alipokuja kutuonyesha mipaka, jiwe moja la mpaka lilikutwa chini ya rundo la matairi ya gereji. Jingine lilikuwa ndani ya ukuta wa jiko la jirani yetu, mtu mzima ambaye tunaheshimiana naye. Hapo niliogopa kidogo, nakiri. Lakini mchoro ulikuwa wazi, na Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 haimruhusu mtu kubadili matumizi ya eneo kwa kujenga ukuta. Kibali kinatolewa na mamlaka ya upangaji. Suala la jiko tuliliacha mikononi mwa halmashauri na sitaki kulizungumzia zaidi, kwa sababu bado tunazikana na kuozeshana watoto.

Gereji tulizungumza nayo wenyewe. Mzee fundi alinikaribisha kwenye kiti cha gari, akanisikiliza, kisha akasema, "Dada yangu, mimi nina vijana watano wanakula hapa. Nikitoka nawapeleka wapi?" Swali lake lilikuwa la haki kama la yule msichana. Ilituchukua miezi minne. Mjumbe mmoja wa kamati alikuwa na kiwanja kisichojengwa nyuma, kwenye barabara ya vumbi, akakubali kukikodisha kwa bei nafuu, nasi tukachanga kodi ya miezi mitatu ya mwanzo. Katikati kulikuwa na maneno makali, na kuna siku nilisalimia nisiitikiwe. Mzee alihama. Vijana wake wawili bado wanatengeneza magari pembeni mwa barabara mpaka leo.

Kabla ya kuchora chochote niliomba wanakamati twende tukatembee. Jumamosi moja watu wanne tulipanda basi la mwendokasi hadi Gerezani. Tukaanzia uwanja wa vijana wa Kidongo Chekundu, uliofunguliwa 2015, tukaangalia mpira wa miguu na wa kikapu unavyopangiwa nafasi yake bila kugongana. Tukavuka Mnazi Mmoja. Wakoloni waliuacha uwazi ule kuwatenga watu, Wahindi wa Uhindini huku na Waafrika wa Kariakoo kule. Sasa watu wa pande zote wanakaa mle mle, na Mnara wa Uhuru umesimama hapo hapo. Tukamalizia Bustani ya Mimea karibu na Makumbusho ya Taifa, iliyoanzishwa na Wajerumani 1893. Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi, na kila benchi lilikuwa na mtu. Hakuna bembea, hakuna muziki. Miti mikubwa tu, na tausi wanapita. Mwenyekiti wa kamati, aliyekuwa mpiganaji mkubwa wa chemchemi ya maji, alikaa, akavua kofia, akasema, "Kumbe tunahitaji hiki." Chemchemi haikutajwa tena.

Mpango tuliouandika ulikuwa wa kurasa mbili. Ulianza na maji, kwa sababu nyasi au goli kwenye dimbwi ni pesa ya kutupa. Barabara ilipoinuliwa kwa kifusi na kutiwa lami, uwanja ulibaki chini na maji yakakosa pa kutokea. Mtaro wa barabara uko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, siyo halmashauri, kwa hiyo tuliandika barua ya pekee badala ya kuuchanganya na ombi letu. Naona hapa ndipo mitaa mingi inapopotea: ombi zuri linakaa kwenye meza isiyohusika.

Kisha miti. Mabishano ya miti yalikuwa marefu kuliko ya pesa. Wengi walitaka miashoki kwa kuwa ni mizuri na imenyooka. Nilikataa kwa nguvu zangu zote: mwashoki unapanda juu kama mshumaa, kivuli chake hakitoshi hata kuku. Tulikubaliana mikungu na miarobaini, miche 30, tukapanda masika yalipoanza mwezi Machi. Kila mche ulipewa nyumba ya kuumwagilia. Pamoja na hayo, kiangazi cha kuanzia Juni kiliua minane, na mingi kati ya hiyo ilikuwa upande wa mbali na nyumba, ambako kubeba ndoo ni kazi. Tuliirudishia wakati wa vuli, safari hii karibu na bomba la msikiti.

Kulikuwa na njia ya miguu inayokatisha uwanja kutoka shuleni kwenda kituoni, imelainishwa na nyayo za miaka. Fundi aliyetuchorea ramani ya kwanza alikuwa ameweka viti juu yake. Tukamrudisha. Njia ikabaki palepale, na nguzo za taa tukaziomba ziwe kando yake badala ya katikati ya uwanja wa mpira, ili mtoto wa kike anayetoka twisheni aone anapokanyaga.

Uwanja wa mpira tuliugeuza. Zamani goli moja lilielekea upande wanakokaa akina mama, na kila shuti lililopaa lilitua kwa watoto wadogo. Sasa magoli yanaelekea upande mwingine, na ile nafasi iliyopatikana gereji ilipohama tukaigawa: wadogo karibu na mwarobaini, na eneo la netiboli na rede mbele kabisa ya baraza yangu, machoni pa watu. Vijana walinung'unika kwamba wamepunguziwa uwanja. Niliwafungulia daftari, wakajionea wenyewe ile safu ya 17. Nahodha wao aliangalia muda mrefu, akasema dada yake naye hatoki. Siku ya kupiga mistari ya chokaa ni wao waliovuta kamba.

Uzio niliupinga mpaka mwisho. Watu wanaingia uwanjani kutoka pande tano, niliwahesabu. Ukiweka ukuta na geti moja, bibi wa upande wa pili atazunguka robo saa kufika kivulini. Na geti lina ufunguo, ufunguo una mwenyewe, halafu siku moja unasikia kuna kiingilio. Tukaweka nguzo fupi za zege kuzunguka, umbali ambao mtu na kigari cha mtoto wanapita lakini gari halipiti.

Mpango ulipita Kamati ya Maendeleo ya Kata na kuingia kwenye bajeti ya mwaka wa fedha ulioanza Julai, ila siyo wote. Tulipata taa na sehemu ya nguzo. Mtaro ulichimbwa baadaye, baada ya barua tatu. Yaliyobaki tulichanga, shilingi 2,000 kila kaya, na mwenye duka la vifaa vya ujenzi akatupa lori mbili za kifusi cha kujazia kona. Mweka hazina alibandika risiti zote kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, hata ya chokaa. Baada ya hapo hata waliokuwa wamegoma walichangia.

Bado nahesabu, Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi. Mwezi uliopita saa kumi na moja jioni wasichana wakubwa walikuwa 19 kwa mkupuo mmoja, na mchana mikungu miwili ya kwanza ilikuwa imeshapata watu wa kukaa chini yake. Ilipofika saa kumi na mbili wasichana walibaki saba. Niliwauliza waliokuwa wanaondoka, jibu likawa lile lile la yule msichana wa darasa la saba: choo.

Kwa hiyo mwaka huu tumepeleka ombi moja tu, choo cha matundu manne chenye maji, mawili ya kike yenye milango inayofungwa kwa ndani, pamoja na utaratibu wa nani atakisafisha na kwa fedha ipi. Nimeambatisha kurasa nne za daftari. Ya juu kabisa ni ile yenye maneno ya yule msichana, nimeinakili kwa mwandiko wangu mzuri kabisa.