Maumivu ya Umri wa Kati Hayastahili Kuzoewa

Mtu anayeishi Nairobi anapopita miaka 40, huwa anategemewa na watu wengi kuliko wakati mwingine wowote wa maisha yake. Karo ya watoto inamngoja yeye, wazazi walioko mashambani wameanza kuugua na dawa zao zinamngoja yeye, na kazini amepewa wadhifa unaomketisha muda mrefu kuliko zamani. Ni katika miaka hiyohiyo ambapo kiuno huanza kumuuma akiamka, magoti humsumbua akipanda ngazi, usingizi humkatikia saa tisa usiku, na jamaa na marafiki humwambia azoee kwa kuwa ni umri tu. Mimi ni mwanamke wa umri huo, na siamini kwamba tunapaswa kuzoea. Sehemu kubwa ya maumivu tunayoyaita ya umri hutokana na misuli iliyodhoofika, kuketi kupita kiasi, usingizi haba, huzuni isiyosemwa na magonjwa ambayo hayajapimwa, na kwa kila mojawapo ya hayo kuna jambo linaloweza kufanywa.

Nianze na misuli, kwa sababu ndiyo inayosahaulika zaidi. Kuanzia miaka ya thelathini hivi, mtu asiyeitumikisha misuli yake hupoteza takriban asilimia 3 hadi 8 ya misuli hiyo kila miaka 10, na baada ya miaka 60 kasi huongezeka. Hasara hiyo ni vigumu kuiona kwenye kioo, kwa kuwa mafuta huchukua nafasi iliyoachwa na misuli na umbo likabaki lilelile au likanenepa. Viungo ndivyo vinavyotambua mapema: goti lisiloshikiliwa na misuli imara ya paja hubeba mzigo karibu peke yake, na uti wa mgongo usiosaidiwa na misuli ya tumbo na ya makalio huchoka kabla ya saa sita mchana. Wengi wa wazazi wetu walilima, wakateka maji na kupanda miinuko hadi uzeeni, na kwa hiyo miili yao ilifanya mazoezi bila wao kuyapanga. Sisi tunaoishi katika maghorofa ya Pipeline, Kasarani au Kilimani na kupata riziki tukiwa tumeketi hatuna budi kuyapanga.

Katika mwongozo wake wa mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki, na juu ya hizo afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki. Watu wengi ninaowafahamu wameisikia sehemu ya kwanza, lakini ya pili hawajawahi kuambiwa. Kutembea kwa haraka kutoka katikati ya jiji hadi Upper Hill kunaufaa sana moyo na mapafu, lakini hakuimarishi mikono, kifua wala mabega. Kazi hiyo haihitaji kujiandikisha kwenye jimu. Mtu anaweza kuketi kwenye kiti cha mezani na kusimama mara 10 bila kushika kitu, akapumzika kidogo na kurudia; anaweza kusukuma ukuta kwa viganja viwili, na nguvu zikiongezeka asukume ukingo wa meza, na hatimaye sakafu; anaweza kulala chali, akakunja magoti na kuinua makalio polepole; na siku ambazo lifti haifanyi kazi, au jengo halina lifti kabisa, anaweza kupanda ngazi akiwa amebeba mtungi mdogo wa maji kila mkono. Jambo la msingi ni kuongeza ugumu kidogo kidogo, kwa maana msuli huimarika pale tu unapodaiwa zaidi ya ulivyozoea, kisha ukapewa siku ya kupumzika.

Misuli nayo huhitaji protini. Naona nyumba nyingi zikianza siku kwa chai ya sukari na mkate, zikala wanga tena mchana, na kuiacha protini yote ije na chakula cha jioni. Ndengu, maharagwe, omena, mayai na maziwa vinapatikana kwa mama mboga na katika maduka ya kila mtaa, na nyingi kati ya hizo hazizidi bei ya vibanzi. Uzito wa mwili nao una hesabu yake. Katika utafiti mmoja wa watu wenye uzito uliozidi na ugonjwa wa viungo vya magoti, ilibainika kwamba kila kilo 1 iliyopungua mwilini ililipunguzia goti mzigo wa takriban kilo 4 katika kila hatua. Mtu aliyepunguza kilo 5 ameliondolea goti lake kilo 20 kwa kila hatua anayopiga, nami nadhani hesabu hiyo inatia moyo kuliko maneno yoyote kuhusu umbo na urembo.

Sasa nije kwenye kiuno, ambacho ndicho kilio kikuu cha ofisi nyingi ninazozijua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na kwa walio wengi hakuna ugonjwa mahususi unaoweza kuonyeshwa kwa kidole. Zamani mgonjwa aliambiwa alale kitandani hadi apone, lakini leo ushauri wa wataalamu ni kwamba aendelee kutembea na kufanya shughuli zake kadiri awezavyo, kwa sababu kulala siku nyingi hudhoofisha misuli ileile inayopaswa kumshikilia. Kwa anayekaa ndani ya matatu katika msongamano wa Barabara ya Jogoo asubuhi, akaketi ofisini mchana kutwa na kuketi tena wakati wa kurudi, kushuka steji moja kabla ya yake na kusimama kila nusu saa akiwa kazini ni tiba halisi. Ninasikitika ninapoona watu wakitumia akiba ya miezi kupigwa picha za mgongo ambazo hazikuhitajika, wakasomewa ripoti inayotaja diski zilizochakaa, na kurudi nyumbani wakiogopa hata kuinama. Picha za aina hiyo huonyesha uchakavu kwa watu wengi wa umri wetu ambao hawahisi maumivu yoyote.

Dawa za maumivu ni suala linalonitia wasiwasi zaidi. Diklofenaki na ibuprofeni hupatikana kwa urahisi katika maduka ya dawa ya mitaani, na nawajua watu wanaozimeza karibu kila siku kana kwamba ni sehemu ya kiamshakinywa. Zikitumiwa kwa siku chache kwa sababu inayoeleweka, huwasaidia wengi. Zikitumiwa mfululizo kwa miezi, zinaweza kutoboa vidonda tumboni, kudhuru figo, kupandisha shinikizo la damu na kupunguza nguvu za baadhi ya dawa za presha, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa mtu ambaye hajui kama figo zake au presha yake iko sawa.

Kutojua huko ndiko kunakopaswa kutushtua. Bega langu la kushoto lilipoanza kuuma na kisha kukakamaa, hata nikashindwa kufunga vifungo vya nguo mgongoni, daktari aliyenipima alinieleza kwamba lilikuwa limeganda, hali inayowapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60 na hasa wanawake, ambayo huweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu kulegea. Aliniagizia mazoezi ya kulinyoosha chini ya uangalizi wa mtaalamu wa fiziotherapia, kisha akanituma maabara nikapimwe sukari, jambo ambalo sikulitarajia. Alisema bega la namna hiyo huwapata wenye kisukari mara nyingi zaidi kuliko watu wengine, na hutokea bega likawa ndilo linalomfikisha mgonjwa kwenye kipimo. Sukari yangu ilikuwa imeanza kupanda bila kufikia kisukari. Kwa mtu aliyefunga usiku kucha, kipimo cha milimoli 7.0 kwa lita au zaidi huhesabiwa kuwa kisukari, na kwa kawaida hurudiwa siku nyingine ili kuthibitisha. Kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari kwa takriban miezi 3 iliyopita kina mpaka wa asilimia 6.5. Namba hizi mbili zinafaa kujulikana na kila mtu wa umri wetu, pamoja na ile ya presha, ambapo 140 kwa 90 inayojirudia katika vipimo vya siku tofauti ni shinikizo la juu la damu.

Presha, hata ikiwa juu, kwa kawaida haiumi, na kwa hiyo mwili hautamkumbusha mtu kwenda kupimwa. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima walikuwa na shinikizo la juu la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Tangu mwaka 2023, wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 wamepewa vifaa vya kazi, vikiwemo mashine za kupima presha na sukari, na huzitembelea nyumba mtaani. Anayebisha hodi afunguliwe mlango na kukaribishwa. Chama changu cha kina mama kimekubaliana kupimana presha kabla ya kikao kuanza, na limekuwa jambo la kawaida kama kukusanya mchango. Chumvi ipunguzwe hadi chini ya gramu 5 kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika viungo vya pakiti tunavyotia kwenye mchuzi.

Kwa wanawake wenzangu, hedhi hukoma kwa kawaida kati ya miaka 45 na 55, na miaka inayotangulia huja na joto la ghafla, usingizi unaokatika, hasira zisizo na chanzo na, jambo lisilotajwa vya kutosha, maumivu ya viungo. Homoni ya estrojeni inapopungua, mifupa nayo hupoteza uimara kwa kasi katika miaka ya mwanzo, na mazoezi ya nguvu niliyoyataja hapo juu husaidia kuilinda. Kuna matibabu ya dalili hizi, yenye homoni na yasiyo na homoni, na kila mwanamke anastahili kuyazungumza na daktari bila kuambiwa avumilie kama mama yake alivyovumilia.

Yote haya hayatenganishwi na akili. Maumivu yakidumu zaidi ya miezi 3, mfumo wa fahamu wenyewe huweza kubadilika na kuwa mwepesi kupita kiasi, kama mlinzi wa geti aliyewahi kuvamiwa ambaye sasa hupiga firimbi hata paka akipita. Usingizi haba huongeza wepesi huo, na maumivu nayo huukata usingizi, kisha mtu akajikuta kwenye mzunguko asiojua umeanzia wapi. Sonona pia hujitokeza mwilini, kwa kichwa kinachogonga, tumbo lisilotulia na mgongo mzito, hasa kwa wanaume ambao tangu utotoni hawakupewa ruhusa ya kusema kwamba wana huzuni. Shemeji yangu alizunguka katika kliniki kadhaa akitibiwa mgongo, hadi mhudumu mmoja alipomuuliza kwa upole analalaje na ni lini aliwahi kufurahia jambo lolote. Alipoanza ushauri nasaha, na baadaye dawa, mgongo nao ulianza kutulia. Mwaka 2020 jopokazi la serikali lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa nchini Kenya, na anayeishi na watu wa umri wetu, walio kati ya mikopo, watoto na wazazi wagonjwa, anaelewa kwa nini.

Kwa usingizi, saa 7 au zaidi ndizo zinazopendekezwa kwa mtu mzima. Pombe humlaza mtu upesi, lakini huvuruga usingizi wa saa za alfajiri. Kuamka saa ileile kila siku, Jumapili ikiwemo, kumenisaidia zaidi ya jambo jingine lolote, pamoja na kutoka nje mapema na kuliona jua. Jumamosi mimi na majirani wawili hutembea katika Msitu wa Karura, ambao Wangari Maathai na wenzake waliupigania mwishoni mwa miaka ya 1990 usigawiwe wajenzi wa majumba, au katika bustani ya miti ya Arboretum iliyoanzishwa mwaka 1907. Tunatembea tukizungumza, na mazungumzo hayo ni nusu ya dawa.

Nimesema maumivu mengi huhitaji mwendo na subira, lakini yapo yasiyongoja. Maumivu ya kiuno yanayoambatana na kushindwa kuzuia mkojo au choo, ganzi sehemu za katikati ya mapaja au mguu unaopoteza nguvu yanahitaji hospitali siku hiyohiyo. Yakiambatana na homa, kupungua uzito bila sababu au historia ya saratani, daktari aonwe mapema. Kifua kinachobana, maumivu yakielekea mkononi, shingoni au kwenye taya, kichukuliwe kuwa moyo hadi ithibitishwe vingine, na kwa wanawake tukio hilohilo huweza kuja kama uchovu mkubwa wa ghafla, kichefuchefu na kukosa pumzi, kifua kikiuma kidogo tu au kisiume kabisa. Hapo asingojwe mtu mwenye gari wala kuche; apelekwe kwa chombo chochote kilicho karibu.