Vichanja vya Kibirizi na wanafunzi wangu wanne

Nilifundisha kwa miaka mingi katika kitengo cha elimu maalumu cha shule moja ya msingi hapa Kigoma, na kila mwaka nilishuhudia jambo lile lile: mwanafunzi mwenye ulemavu wa akili anamaliza shule, anarudi nyumbani, na kuanzia hapo siku zake zinaishia barazani. Nilipostaafu niliwaomba akina mama wanaokausha dagaa mwaloni Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, wanipokelee vijana wanne niliowahi kuwafundisha, washinde nao hadi mchana wakijifunza kazi.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya aibu, na kosa lilikuwa langu. Niliwaeleza kazi yote kwa mkupuo, kuanzia kupokea dagaa alfajiri, kuwatandaza kwenye vichanja vya waya, kuwageuza na kuwachambua hadi kuwafunga kwenye viroba, kisha nikashangaa kuwaona wamesimama tu huku akina mama wakiwafanyia kila kitu. Nikaugeuza mpango na kuanzia mwisho: kila mmoja alijifunza kwanza kuzoa dagaa waliokwisha kukauka na kuwatia ndooni, kwa sababu ndoo ikijaa hata asiyejua kuhesabu anaiona kazi yake. Alipoizoea nilimwongezea hatua inayoitangulia, nikimshika mkono siku za mwanzo, baadaye nikimgusa kiwiko tu, na hatimaye nikikaa mbali na kufumba mdomo, jambo ambalo kwa mwalimu ni gumu kuliko yote.

Upimaji wa ukavu nao ulikuwa na vituko vyake. Dagaa aliyekauka vizuri ukimkunja anakatika, ambaye bado anapinda. Nilimwambia kijana mmoja, "Vunja uone," nikaenda kunywa chai. Niliporudi alikuwa amevunja karibu nusu ya kichanja, kwa utiifu kamili. Mwenye dagaa alicheka kwanza, akakasirika baadaye. Tangu siku hiyo kijana hupewa vijiwe vitatu: kila akivunja dagaa mmoja huweka kijiwe kimoja chini, na mkono ukibaki mtupu amemaliza.

Kuhusu malipo sikulegea. Baadhi ya akina mama walidhani soda na maandazi yanatosha, ilhali Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi kazini; tukakubaliana vijana walipwe kwa ndoo, kama vibarua wengine.

Lililonisumbua zaidi ni mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hazina nguvu ya kuwavuta, kwa hiyo wavuvi hupumzika siku kadhaa. Binti mmoja, ambaye utulivu wake wote unategemea leo kufanana na jana, alikuwa akifika mwaloni na kukuta vichanja vitupu, basi anakaa chini mchangani na kukataa kuondoka. Kalenda niliyombandikia ukutani haikumsaidia chochote, maana hasomi tarakimu. Ufumbuzi aliupata mama yake, si mimi: kila jioni alimtoa uani wautazame mwezi pamoja, na ukiwa duara alimwambia kwamba kesho hakuna dagaa, watakwenda kwa shangazi yake kupukuchua chikichi. Baada ya miezi michache binti akawa anatoka uani peke yake.

Kisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika ukasitishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ili samaki wapate kuzaliana. Safari hii angani hapakuwa na alama yoyote ya kumwonyesha. Mwezi ulikufa ukaandama, giza likaja, na bado mwaloni palikuwa patupu. Alilia karibu wiki mbili kabla ya kukubali kwamba chikichi ndiyo kazi ya kila siku.

Ziwa lilipofunguliwa nilikwenda kwao jioni ile ile, nimejaa furaha, kumwandaa kwa kesho. Aliniamkia, akanisikiliza hadi mwisho, akanishika mkono tukatoka uani, akanyoosha kidole juu, ambako mwezi ulikuwa umekaribia kujaa.

"Bado, mwalimu," akasema, akarudi ndani kula.