Njia ya Kushuka Misri

Somo: Mwanzo 12:10–20, 26:1–25, 46:1–7

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Juma hili moyo wangu uko kwa ndugu aliyepata kazi mpya mbali na anapoishi. Kazi ni nzuri, na aliiomba mwenyewe. Barua imo kwenye simu. Ameisoma pamoja na mkewe, akairudia usiku peke yake, na kila akiifungua jicho linatua kwenye mstari wa mshahara. Siku ya mwisho ya kujibu inakaribia. Mmoja anamwambia, "Ibrahimu aliambiwa toka, akatoka. Mlango ukifunguka, ingia." Mwingine anamwonya, "Kumbuka Lutu, aliinua macho akapenda bonde la Yordani, akaishia Sodoma." Wote wawili wamefungua Biblia, na yeye amezidi kuchanganyikiwa.

Naomba twende naye kwenye kitabu cha Mwanzo tukatazame ukoo mmoja, vizazi vitatu, kila kimoja kikiwa na njaa nyuma yake na Misri mbele yake. Kanaani ilitegemea mvua. Misri ilikuwa na mto wake, kwa hiyo mbingu zilipofunga, macho ya watu yaligeukia huko. Tuseme ukweli, hata sisi tungegeukia huko. Kutafuta riziki ya watoto si dhambi, na anayehama kwa ajili ya mshahara bora asifanywe ajione amepungukiwa imani.

Ibrahimu alishuka. Ukisoma sura ya 12 taratibu utaona kwamba huko nyuma, Shekemu na karibu na Betheli, alijenga madhabahu. Njaa ilipokuja, hatusomi madhabahu wala hatusomi kwamba aliuliza. Tunasoma tu kwamba alishuka, na kwamba alipokaribia kuingia alimwomba Sara aseme ni dada yake. Sara akachukuliwa nyumbani kwa Farao. Hapo ndipo ninaposimama kila nisomapo sura hii: aliyelipa gharama ya safari ile alikuwa mke. Na Ibrahimu je? Alipata kondoo, ng'ombe, punda, watumwa na ngamia. Alitoka Misri tajiri kuliko alivyoingia. Ndiyo maana naogopa sana tunapomwambia mtu, "Mambo yako yamenyooka, basi Mungu alikuwa ndani yake." Mifugo iliongezeka huku nyumba yake ikiwa hatarini, na ni Bwana mwenyewe aliyemtetea Sara kwa kumpiga Farao kwa mapigo.

Isaka mwanawe naye akapatwa na njaa, akafika Gerari kwa Abimeleki, mfalme wa Wafilisti. Safari hii Bwana akasema waziwazi, "Usishuke kwenda Misri." Akamwahidi kuwa pamoja naye na kumbariki. Isaka akapanda katika nchi ile yenye njaa, akavuna mia kwa moja mwaka ule ule. Tunapenda kuishia hapo tunapohubiri. Tuendelee kidogo. Wafilisti walimhusudu, wakawa wamevifukia visima vya baba yake, Abimeleki akamwambia aondoke kwao. Watumishi wake wakachimba kisima, wachungaji wa Gerari wakakigombania. Wakachimba cha pili, kikagombaniwa vilevile. Cha tatu ndicho kilichoachwa kwa amani. Kubaki kwake kulikuwa kwa utii kamili, na bado kulimtoa jasho. Kwa hiyo ukikataa kazi ile ya mbali ukabaki, usishangae mwezi unaofuata kodi ikipanda na bosi akiwa yule yule.

Yakobo ndiye ninayemhurumia zaidi, maana kwake kila kitu kilikuwa tayari. Mwanawe Yusufu yuko hai huko Misri na ana cheo. Farao mwenyewe amealika. Magari yamefika, chakula cha njiani kimefungwa, wana na wajukuu wamepanda. Kama kuna mlango uliowahi kufunguka wazi, ni ule. Mzee yule alikuwa na miaka 130, na tayari alikuwa njiani. Lakini alipofika Beer-sheba, mahali ambapo baba yake Isaka alijenga madhabahu, alisimama akamtolea Mungu dhabihu. Usiku Mungu akamwita, "Yakobo, Yakobo," akamwambia asiogope kushuka mpaka Misri. Haambiwi mtu "usiogope" bila sababu. Mzee alikuwa na hofu, pamoja na magari yote yale.

Basi Mungu yule yule alimkataza baba na kumruhusu mwana, kwa njia ile ile na nchi ile ile. Anayetafuta mstari wa kumwambia "nenda" ataupata, na anayetafuta wa kumwambia "kaa" ataupata pia. Lakini sikilizeni maneno wawili hao waliyopewa. Isaka: nitakuwa pamoja nawe. Yakobo: mimi nitashuka pamoja nawe. Ahadi ni moja, na ndiyo Musa aliyoing'ang'ania jangwani aliposema, "Uso wako usipokwenda pamoja nami, usituchukue kutoka hapa."

Utaniambia, hao walisikia sauti, mimi nimefunga na kuomba na sijasikia kitu. Nakuelewa, na sitakuahidi ndoto. Ila kuna jambo la Yakobo ambalo yeyote kati yetu anaweza kulifanya, nalo ni kusimama kabla ya kuvuka mpaka. Usijibu barua ile ukiwa na furaha ya siku ya kwanza, wala ukiwa na hasira na kazi uliyo nayo. Bwana Yesu alisema mtu anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Keti. Mshahara ule ukitoa nyumba, nauli na shule, unabaki kiasi gani? Kipindi cha majaribio ni miezi mingapi, na wasipokuthibitisha utarudi wapi? Familia inakwenda nawe au inabaki, na ikibaki, kwa muda gani? Ratiba ya kazi itakuacha ukusanyike na waamini? Maswali haya ni sehemu ya maombi yako. Mtu anayeomba huku akiogopa kumuuliza mwajiri saa za kazi bado hajawa tayari kujibiwa.

Kisha mwulize mwenzako, ukanyamaze. Namaanisha kunyamaza kweli, usije na uamuzi uliokwisha kuutuma ukaomba baraka. Kumbuka Sara. Mtoto aliye kwenye mwaka wa mtihani naye aulizwe, hata kama jibu lake halitaamua. Paulo alipofika Troa alifunguliwa mlango katika Bwana, lakini hakuona raha rohoni kwa sababu hakumkuta Tito, akaaga akaenda zake Makedonia. Ameandika mwenyewe katika Wakorintho wa Pili, bila kujitetea. Mlango ulikuwa wazi, tena wa huduma, akauacha. Kukosa amani nyumbani ni jambo la kulipima kwa uzito uo huo.

Ukishafanya hayo, amua. Wapo wanaosubiri ishara baada ya ishara mpaka nafasi inapewa mtu mwingine, kisha wanasema Bwana amefunga. Huenda ni woga tu uliofunga. "Moyo wa mtu huifikiri njia yake, bali BWANA huziongoza hatua zake." Andiko hilo halikuwakataza watu kufikiri wala kupiga hatua.

Na sisi tunaobaki tuna kazi yetu. Mhubiri Apolo alipotaka kuvuka bahari kwenda Akaya, ndugu wa Efeso walimhimiza, wakawaandikia wanafunzi wa huko wampokee. Kwa hiyo mwenye barua ya kazi mkononi juma hili asituletee habari siku ya kuaga. Atuambie sasa. Tukijua anakokwenda tutatafuta waamini wa huko tuwaandikie kabla hajafika, na tutapanga ni nani kati yetu atakayempeleka mama yake kliniki.